Kuchangisha fedha za shule bila mtaji mkubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya kamati za shule, bodi, walimu na wazazi wa shule za umma Tanzania Bara, hasa zile ambazo hazina mfadhili na zinaanza na mfuko mtupu. Bei tulizotaja ni za mfano wa hesabu tu. Wekeni za sokoni kwenu.

Elimu ni bila malipo. Je, bado tunaruhusiwa kuchangisha?

Ndiyo, ila kwa hiari. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, darasa la awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea hadharani shule zilizoendelea kuwarudisha watoto nyumbani kwa sababu ya michango. Kinachokatazwa, basi, ni kumlazimisha mzazi na kumwadhibu mtoto. Wananchi kujitolea kuijenga shule yao hakujakatazwa.

Fuateni njia ya kawaida. Kamati (kwa sekondari ni bodi) ikae, iandike muhtasari, jambo lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu kata na mtendaji wa kata. Ambatanisheni muhtasari wenye saini pamoja na mchanganuo wa gharama. Barua isiyo na mchanganuo hukaa mezani kwa sababu hakuna anayejua anaidhinisha nini. Na msikusanye hata shilingi kabla ya jibu la maandishi, hata kama diwani amesema kwa mdomo kwamba hakuna shida.

Tuanzie wapi kabla ya kuchagua njia?

Anzeni na bei ya kitu kimoja. "Tuchangie elimu" haimwambii mtu atoe ngapi wala kwa ajili ya nini. "Tunahitaji madawati 40, dawati moja shilingi 80,000" inamwambia kila kitu: mwenye uwezo atachukua mawili, majirani wanne watachanga moja, kikundi cha kina mama kitachukua matano.

Chukueni profoma (karatasi za makadirio ya bei kabla ya kununua) tatu kutoka kwa mafundi au maduka matatu tofauti, zikiwa na vipimo vilevile. Fundi mmoja akipiga hesabu ya mbao kavu na mwingine ya mbao mbichi, hamlinganishi kitu. Kama ni choo, tumieni viwango vya serikali: tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 inahitaji matundu 20. Ikiwa yapo 8, pengo ni 12. Andikeni hiyo 12 kwenye kila karatasi inayotoka shuleni.

Kisha jiulizeni kama mnahitaji kipya kweli. Hesabuni madawati mabovu yaliyorundikwa nyuma ya darasa. Mengi fremu yake ya chuma bado ni nzima. Kilichokufa ni ubao wa kukalia au wa kuandikia, na mara nyingi umepasuka palepale kwenye boliti. Sababu ni mbili. Tundu la boliti limetobolewa karibu mno na ncha ya ubao, na hakuna washa (kile kisahani cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha boliti), kwa hiyo kichwa cha boliti kinazama kwenye mbao kila mtoto anapojitupa kukaa. Tena ubao ukiwa mbichi husinyaa ukikauka, boliti inalegea, ubao unaanza kucheza, halafu unapasuka. Kubadilisha ubao kwa mbao kavu, matundu yakiwa ndani kidogo na kila boliti ikiwa na washa, ni sehemu ndogo ya bei ya dawati jipya. Kabla ya kuomba madawati 40, huenda mkagundua mnahitaji mapya 15 na mbao za kukarabati 25.

Nani ashike fedha?

Hili ndilo swali linaloamua kama mtachangisha mara moja tu au kila mwaka. Mwalimu mkuu asishike fedha taslimu, hata kama ni mwaminifu kuliko wote. Kunyooshewa kidole kunaanza na yule anayeonekana na pesa mkononi, na yeye ana shule ya kuendesha.

Malipo yaingie kwenye akaunti ya shule moja kwa moja. Muulizeni mhasibu wa halmashauri awape utaratibu wa namba ya malipo ya serikali, ile ambayo wengi wanaiita kontroo namba, ili mtu alipe kwa simu popote alipo. Msitumie namba ya simu ya mtu binafsi, kwa sababu ujumbe wa michango utachanganyika na wa mambo yake mwenyewe na hakuna atakayeweza kutenganisha.

Siku za matukio ambapo taslimu haiepukiki:

1. Watu watatu wahesabu pamoja mezani, mmoja wao mzazi asiye mjumbe wa kamati.
2. Kila anayetoa apewe stakabadhi yenye namba, nakala ibaki kitabuni. Kijitabu chenye karatasi iliyochanwa bila nakala ni cha kutiliwa shaka papo hapo.
3. Jumla iandikwe, wote watatu wasaini, itangazwe kwa kipaza sauti kabla watu hawajatawanyika.
4. Pesa iende benki au kwa wakala siku hiyohiyo, au asubuhi inayofuata. Isilale nyumbani kwa mtu zaidi ya usiku mmoja.
5. Matumizi ya tukio lenyewe yasikatwe kutoka kwenye makusanyo. Kilichokusanywa kiingie chote, gharama zitoke kwa vocha ya malipo.

Namba tano ndiyo inayovunjwa zaidi. Mtu analipa spika na viti kutoka kwenye kapu la michango, anasahau risiti, na hesabu haitakaa sawa tena.

Hatuna hata shilingi ya kuanzia. Tufanye nini?

Michango ya vitu na nguvu kazi. Mchanga, mawe, kokoto, maji, kusomba tofali, kuchimba msingi: hivi havihitaji mtaji, na vijijini ndivyo vilivyojenga madarasa mengi. Wananchi wakipandisha boma (kuta za jengo lisiloezekwa) hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inakuwa rahisi zaidi kuiomba halmashauri imalizie bati, madirisha na sakafu. Cha muhimu ni kuandika. Trela moja la mchanga lina bei sokoni; watu 30 waliochimba siku moja wana thamani ya vibarua 30. Yote yaingie daftarini siku ileile, kwa sababu halmashauri na mashirika hutazama mchango wa wananchi kabla ya kutoa wao.

Onyo moja: msianze boma bila mhandisi wa halmashauri kuja kuona eneo na kutoa ramani. Boma lililojengwa kwa vipimo vya fundi wa mtaani linaweza kukataliwa, na jasho la kijiji kizima likabaki kuota majani.

Kukusanya chupa za plastiki kunalipa?

Kunalipa kidogo kidogo, na kunafaa zaidi mijini, karibu na wanunuzi. Chupa tupu za maji za nusu lita, kilo moja huwa na kama 60 hadi 80, kutegemea unene. Shule ya watoto 500, kila mmoja akileta chupa tano kwa wiki, inapata chupa 2,500, yaani kama kilo 35. Zidisheni kwa bei ya mnunuzi wa eneo lenu muone kama inastahili nafasi itakayochukua.

Vizibo vitolewe na viwekwe peke yake, kwani ni plastiki ya aina nyingine. Chupa zikanyagwe zikiwa zimefunguliwa kizibo, la sivyo gunia linajaa hewa na gari linabeba upepo. Zenye mafuta ya kula, dawa za shamba au mkojo zisipokelewe. Na watoto wasitumwe jalalani; walete za nyumbani tu. Kabla ya kuanza, kubalianeni na mnunuzi uzito wa chini atakaofuata. Shule nyingi hukusanya kilo 20, mnunuzi anataka 100, na rundo linakuwa mazalia ya mbu.

Harambee kwenye mahafali au siku ya wazazi ifanyweje?

Hii ndiyo njia yenye matunda makubwa kwa siku moja, na ndiyo inayoharibika kirahisi. Kinachoiua ni gharama. Turubai, mapambo, chakula cha wageni, keki, spika mbili, mshereheshaji wa kulipwa. Mwisho wa siku imekusanywa milioni mbili na imetumika milioni moja na nusu. Kanuni tunayoishauri ni kwamba gharama isizidi shilingi moja kwa kila kumi mnazotarajia. Viti ni vya madarasani, kivuli ni cha miembe, burudani ni kwaya, ngonjera na maigizo ya wanafunzi wenyewe. Wazazi wamekuja kumwona mtoto wao jukwaani, si kumsikiliza mtu wa spika.

Mgeni rasmi apelekewe barua wiki nne kabla, ikiwa na mchanganuo wa mahitaji, ili aje na watu wake na asishtukizwe. Kadi au bahasha za mchango zitoke wiki tatu kabla, kila moja na namba, na aliyeichukua aandikwe. Bahasha zisizo na namba hazirudi.

Siku yenyewe, wekeni kitu chenyewe mbele ya watu: dawati moja lililokamilika, au mfuko wa saruji, au tofali. Tangazeni kwa vipande ("nani anachukua dawati la 12?") badala ya kutangaza jumla. Halafu mnada. Jogoo, mkungu wa ndizi, mtungi wa asali, kikapu cha ukili: mzazi mmoja analeta, watu wanapandisha bei, na aliyeshinda mara nyingi anakirudisha kinadiwe tena, kama inavyofanyika kwenye mavuno kanisani. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara sita. Mnadi awe mtu anayejua majina ya watu na asiyemwaibisha yeyote.

Kuhusu ahadi: ziandikwe na jina, simu, kiasi na tarehe. Katika bajeti msihesabu zaidi ya nusu ya ahadi. Mkumbusheni mtu ndani ya wiki moja, kwa ujumbe binafsi wenye namba ya malipo. Ahadi iliyokaa miezi miwili bila kukumbushwa ni vigumu kuiamsha. Na majina ya wasiolipa yasisomwe mkutanoni wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Tuuze vitafunwa siku ya michezo?

Ndiyo, lakini waulizeni kwanza mama lishe wanaouza getini. Shule ikiuza maandazi na vitumbua kwa bei ya chini, inawanyang'anya riziki wanawake ambao wengi ni wazazi wa palepale. Ni heri kuwapa meza ndani ya uwanja kwa mchango mliokubaliana, nanyi muuze wasichouza wao. Bisi zinafaa.

Kilo moja ya mahindi ya bisi hutoa kama lita 35 za bisi zilizopasuka. Mkifunga kwenye mifuko ya karatasi ya lita moja, mtapata 30 baada ya kutoa punje zilizogoma na zile zilizoliwa na wapishi. Chukueni mfano: mahindi 4,000, mafuta robo lita 1,500, mifuko 30 kwa 50 ni 1,500, mkaa na chumvi 1,000. Jumla 8,000. Mkiuza 500 kila mfuko mnapata 15,000, na faida ni 7,000 kwa kilo. Kilo kumi kwa siku ya michezo, 70,000, kama watu wapo. Nunueni mahindi ya bisi yenyewe. Mahindi ya ugali hayapasuki hivyo. Hata ya bisi, yakikaa wazi miezi mingi yanakauka kupita kiasi na hayapasuki vizuri, kwa sababu kinachopasua punje ni mvuke wa unyevu uliomo ndani yake. Jaribuni punje 20 kabla ya kununua gunia: zikipasuka chini ya 17, tafuteni duka lingine.

Sabuni ya maji inafaa kama mradi?

Inafaa kwanza kwa matumizi ya shule. Shilingi ambayo haikutoka kununua sabuni ya vyoo ni sawa na iliyochangwa, na haihitaji mteja. Kuuza nje ni habari nyingine: bidhaa itahitaji alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kwa hiyo ongeeni na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, kabla ya kuchapisha lebo.

Kwa lita 20: asidi ya salfoniki lita 1, slesi (SLES, ile kama jeli nzito inayotoa povu) nusu kilo, soda ashi (ile ya unga mweupe inayouzwa kwenye maduka ya kemikali) robo kilo, chumvi hadi nusu kilo, rangi na manukato kidogo. Siku moja kabla, yeyusheni soda ashi kwenye lita mbili za maji na kuiacha ipoe na kutulia. Siku ya kazi, koroga slesi peke yake mpaka iwe laini, ongeza maji lita 15 kidogo kidogo, kisha mimina asidi taratibu huku ukikoroga polepole. Asidi huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Halafu maji ya soda ashi, kikombe kimoja kimoja, kwa sababu mchanganyiko unatoa gesi na kuumuka. Ukimwaga yote unafurika nje ya ndoo. Pimeni kwa karatasi ya litmasi, na msiongeze soda ashi mkishafika katikati, yaani mchanganyiko si asidi wala besi. Chumvi iliyoyeyushwa kwenye maji yaliyobaki iingie mwisho, kidogo kidogo, mpaka sabuni iwe nzito. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: sabuni ikiwa nyepesi wanazidisha chumvi, nayo ikizidi inaifanya kuwa maji tena na kuichafua rangi. Acheni chumvi mara tu sabuni inapokuwa nzito vya kutosha.

Kazi hii ni ya watu wazima, yenye glavu, miwani na ndoo ya plastiki, mahali penye hewa. Mwalimu wa kemia aisimamie. Tengenezeni kiasi cha wiki chache tu, msilazimike kutia fomalini, dawa ya kuzuia sabuni isiharibike.

Bustani, miche au kuku?

Miche ya mipapai ina gharama ndogo kuliko vyote, kwani mbegu mnazipata kwenye matunda yaliyoliwa. Osheni mbegu mpaka utando wake utoke, ndio unaochelewesha kuota, kisha zikaushwe kivulini. Udongo: ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza, moja ya mchanga. Mbegu mbili au tatu kila kiriba (kifuko cha kuoteshea mche). Sieni mwanzoni mwa Januari ili mche uwe tayari mvua za masika zinapoanza Machi. Mwenye mche mzuri mwezi Juni hana mnunuzi. Mwambieni mteja ukweli: mipapai ina dume na jike, kwa hiyo apande miwili mitatu kila shimo na kung'oa ya ziada ikichanua. Na mbegu za tunda la chotara hazitazaa papai lilelile.

Mchicha huvunwa wiki nne hadi tano baada ya kusia, ila andikeni zamu ya kumwagilia likizo ya Juni na Desemba kabla ya kutifua tuta la kwanza. Bustani za shule hufia likizo. Watoto wafanye kazi za bustani kama somo, si kwa kukosa vipindi.

Kuku wa nyama tunashauri muwaache kwa mwanzo. Kuku mmoja hula kilo tatu na nusu hadi nne za chakula mpaka kuuzwa, kwa hiyo kuku 100 wanahitaji mifuko saba au nane ya kilo 50, mbali na vifaranga, chanjo na joto. Ugonjwa wa mdondo ukiingia wiki ya nne, fedha ya wazazi imekwenda yote.

Bahati nasibu je?

Hapana. Inahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kushiriki, na wazazi wengi dini zao zinaikataza. Mnada unatoa msisimko uleule bila matatizo hayo.

Matembezi au mbio za hisani zinahitaji nini?

Zikifanyika barabarani, polisi lazima wahusishwe. Ndani ya uwanja wa shule ni rahisi zaidi: pimeni mzunguko wa mita 200 kwa kamba, kila mtoto awe na kadi, mzazi au jirani aahidi kiasi kwa kila mzunguko, na mwalimu agonge muhuri anapopita. Wekeni kikomo cha mizunguko 10, kwani kuna mtoto atakayekimbia 30 na mjomba aliyeahidi 1,000 kwa mzunguko atakimbia pia. Anzeni saa moja asubuhi, nusu lita ya maji kwa kila mtoto. Mwenye pumu au asiyeweza kukimbia atembee, mizunguko yake inahesabiwa sawa.

Tuwapateje waliosoma hapa zamani?

Kwa mwaka wa kumaliza. Tafuteni mtu mmoja wa kila mwaka, afungue kundi lake. Kundi la "wote waliosoma hapa" hugeuka la salamu na matangazo. Watumieni picha ya darasa walilokaa, jinsi lilivyo leo, na bei ya kitu kimoja. Mwaka wa 1998 wachukue milango, wa 2004 wachukue madirisha. Walioko nje, Muscat au London, wapeni akaunti ya benki ya shule yenye jina kamili, maana wengi wamewahi kutapeliwa na hawatatuma kwa namba ya mtu.

Mzazi asiye na kitu afanyeje?

Asiulizwe kupitia mtoto. Hakuna orodha ukutani, hakuna kusimamishwa mstarini, hakuna matokeo kuzuiwa. Mwenye nguvu atakuja kuchimba, mwenye ufundi atapiga ripu siku moja, mwingine atapika uji wa mafundi. Na asiyeweza hata hayo, mwanawe anakaa kwenye dawati jipya kama wenzake.

Mwaka wa kwanza walichanga vizuri, wa pili hawakuja. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa sababu hawakuambiwa kilichotokea. Ndani ya siku 30 bandikeni karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa ofisi ya kijiji au mtaa: kilichokusanywa, gharama za tukio, kilichonunuliwa na namba ya risiti yake, kilichobaki, ahadi ambazo bado (kwa jumla, bila majina). Isainiwe na mwenyekiti na mwekahazina. Picha ya karatasi hiyo iende kwenye makundi ya wazazi na wahitimu. Kama mlipanga madawati 40 mkapata 23, andikeni 23, na muandike bei iliyopanda au ahadi zilizokwama zilizosababisha. Watu huvumilia upungufu wenye maelezo. Wakiona madawati 23 na karatasi inasema 40, hamtawaita tena.